Matembezi ya msitu wa Amani yapangwe kuanzia jioni

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, simu za watu wa Tanga hujaa matangazo ya safari za kwenda Amani, hifadhi ya msitu iliyo juu ya Muheza kwenye milima ya Usambara Mashariki. Picha ya bwawa, picha ya msitu wenye ukungu, nauli, chakula, na chini yake: matembezi mepesi kando ya maji, watoto na wazee mnakaribishwa. Sisi tunaoongoza vikundi vya shule, misikiti, makanisa na familia katika msitu ule tunafurahi kuona watu wa pwani wanapanda kuutembelea. Ila matangazo mengi yana saa ya kuondoka Tanga na hayana saa ya kutoka msituni. Upungufu huo ndio unaoharibu safari nyingi, kuliko mvua na kuliko mlima wenyewe. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze jinsi safari ya siku moja inavyopangwa kuanzia mwisho wake.

Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni, kutegemea mwezi. Chini ya miti mikubwa giza halisubiri jua lizame. Ikifika saa 11:30 mizizi ya njiani haionekani vizuri, na siku ya ukungu huwa mapema zaidi. Kwa hiyo mpangaji aanze na saa 10:30 alasiri, gari likiwa linaondoka Zigi (vibao vingine huandika Sigi), geti la hifadhi lililo chini ya mlima, kurudi Muheza. Ili gari liondoke saa hiyo, watu wawe wametoka msituni saa 10. Kuteremka kwa miguu kutoka Amani hadi Zigi kwa njia ya msituni huchukua watu wazima kama saa tatu pamoja na kupumzika, basi waanze kushuka saa 7 mchana. Kabla ya hapo wanahitaji saa nzima ya chakula na sala, na saa mbili za kuzunguka bustani na bwawa. Hiyo ina maana wafike Amani saa 4 asubuhi. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita zipatazo 35 tu, lakini ni barabara ya vumbi na mawe yenye kona kali baada ya Zigi, na gari hula saa moja na nusu hadi mbili. Ongeza mwendo wa Tanga hadi Muheza na nusu saa ya shughuli za getini, utaona kwamba basi liondoke Tanga saa 12 asubuhi, au saa 12:30 kwa kuchelewa kabisa. Tangazo linalosema watu wakutane stendi saa 2 asubuhi limeshaipoteza safari kabla haijaanza.

Katika ratiba hiyo iwekwe saa moja isiyojadiliwa: saa ya kughairi. Kama kikundi hakijaanza kushuka kwa miguu ifikapo saa 8 mchana, wote warudi kwa gari. Saa hiyo itangazwe kabla ya kuondoka Tanga, kwa sababu ikitajwa mlimani kila mtu atakuwa na hoja yake, na anayeshinda huwa ni mwenye sauti kubwa.

Jambo la pili ni urefu wa kupanda, ambao watu wengi hawauulizi. Wanauliza kilomita. Zigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani kama mita 900. Kati yake kwa barabara ni kilomita 7, umbali ambao mtu wa Tanga hutembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila kulalamika. Lakini ni kilomita 7 zenye mwinuko wa mita 450. Wapanda milima hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo Zigi hadi Amani ni kama saa 2 na dakika 10, kwa mtu mwenye afya njema asiyesimama. Kikundi chenye watoto, wapiga picha na watu wanaopanda mlima kwa mara ya kwanza kizidishe mara mbili. Ndiyo maana tunashauri kupanda kwa gari na kutembea juu. Anayelazimisha watu wapande kwa miguu asubuhi ili washuke kwa gari jioni huwachosha saa zile ambazo macho yao yangekuwa yanaona.

Hata kushuka si kwa kila mtu. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, na vidole vya miguu hugonga mbele ya kiatu mpaka kucha zinavia damu. Kamba za viatu zikazwe juu, karibu na kifundo, kabla ya kuanza kushuka. Wazee, watoto wa chini ya miaka kumi na yeyote mwenye goti bovu wabaki juu na washuke na gari. Juu kuna mengi ya kutosha siku nzima: bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, njia pana kati ya chai na msitu, bwawa dogo la Amani, na kwa wenye pumzi kilima cha Mbomole, ambacho siku isiyo na ukungu huonesha mabonde yote ya chini. Hifadhi yenyewe, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ilitangazwa mwaka 1997 na ilikuwa ya kwanza ya daraja hilo Tanzania. Wanaotaka matembezi mepesi kabisa wabaki Zigi, watazame nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani iliyogeuzwa kituo cha wageni, kisha wafuate mto polepole. Saa mbili zinatosha, na mbega huonekana huko bila kupanda kilima chochote.

Kuhusu njia za kando ya maji kuna dhana tunayokutana nayo sana, kwamba kwa kuwa maji yametulia basi na njia ni tambarare. Sivyo. Kila kijito kinachoingia bwawani au mtoni kimechimba kibonde chake, na njia inayofuata ukingo lazima ishuke na kupanda kila kibonde. Hata maziwa ya kreta, yaani yaliyo kwenye mashimo ya volkano, ambayo wasomaji wako huona picha zake, njia zake hazifanani. Duluti, pale Tengeru karibu na Arusha, ni ya kutembea taratibu kuzunguka maji chini ya miti. Ngozi, mkoani Mbeya, ni kupanda msituni mpaka ukingo wa juu, na kutoka pale hadi kwenye maji ni mteremko mkali ambao hatumshauri mtu mwenye watoto. Yote mawili huitwa matembezi ya ziwani. Kabla ya kulipa nauli, uliza unapanda mita ngapi.

Ukingo wa bwawa una hatari zake. Udongo wake umelowa kwa chini hata ukionekana mkavu juu, na mguu ukizama mtu huanguka kuelekea majini. Watoto wasimame hatua tatu nyuma ya pale nyasi zinapobadilika rangi na kuwa kijani kibichi zaidi, maana hapo ndipo tope linapoanzia. Kuogelea kusiwepo kwenye ratiba hata siku ya joto. Maji yaliyotulia, yenye majani ukingoni na konokono, ndiyo makazi ya kichocho, na ugonjwa huo huingia kupitia ngozi isiyo na kidonda. Mabwawa yaliyo ndani ya mashamba ya chai ni mali ya watu, basi ruhusa iombwe mapema, si kwa mlinzi siku hiyohiyo.

Sasa matope, maana yanastahili maneno mengi. Usambara Mashariki hupata mvua za masika Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, lakini Amani hunyeshewa karibu kila mwezi. Kwa mwaka hupata milimita zinazokaribia 2,000. Miezi yenye nafuu ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Septemba. Ila hata katika miezi hiyo njia ya msituni huwa na unyevu, kwa kuwa jua haliifikii. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, na juu yake kuna tabaka la majani yaliyolala. Mtu hukanyaga jani, jani huteleza juu ya udongo, na kisigino kinatangulia. Mizizi ndiyo mibaya zaidi. Mizizi ya miti mikubwa hukatiza njia kwa mshazari, imesuguliwa na nyayo za miaka mpaka iking'aa, na ikilowa haina mahali pa kushika hata kwa soli yenye meno. Usikanyage juu ya mzizi. Weka mguu katikati ya mzizi na mzizi, unyayo wote kwa pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, na fimbo iwe imeshatangulia kugusa chini. Anayeshuka mteremko wenye mizizi aende kwa mshazari, asielekeze vidole moja kwa moja bondeni. Fimbo imfikie kiwiko. Wenyeji huziuza, na ni bora kununua kuliko kukata mti wa hifadhi, kitendo ambacho ni kosa kisheria.

Kandambili na yeboyebo zibaki kwenye gari kwa ajili ya kurudi nazo. Raba zenye soli iliyochongoka zinatosha kwa njia za juu wakati wa kiangazi. Gambuti zinafaa masika, mradi zisiwe kubwa kuliko mguu, maana zikicheza huleta malengelenge ndani ya saa moja. Chukua soksi jozi mbili. Ukihisi sehemu ya mguu inawaka moto, simama hapo hapo na ubandike plasta. Ukingoja mpaka lengelenge litokee, plasta haina tena kazi. Joto hupungua takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo Amani huwa na baridi kuliko Tanga kwa nyuzi tano au zaidi. Mtu aliyetoka jasho akikaa chini kula bila sweta huanza kutetemeka. Sweta na koti la mvua viwe kwenye mkoba wa kila mtu, si kwenye buti la gari.

Chakula tunakitaja kwa msisitizo kwa sababu ya wali wa nazi. Akina mama wa Tanga hupika vizuri, na kwa upendo huupika alfajiri, huufunga kwenye hotipoti ukiwa wa moto, na watu wanaula saa 7 au saa 8 mchana. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa tisa, tena wenye tui la nazi, huweza kuwa umeshachacha hata kama harufu haijabadilika, na tumbo huanza kuuma katikati ya mteremko, mahali pasipo na choo. Pilau ya nyama ina shida hiyohiyo. Beba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, maandazi au chapati, karanga, tende, ndizi mbivu, na machungwa ya Muheza mnayoyanunua njiani. Maganda yote yarudi kwenye mfuko, hata ya machungwa. Kima wakizoea mabaki hufuata mikoba ya watu.

Maji ya kunywa ni lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto mkubwa, yabebwe kutoka nyumbani. Ya kijito yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa, na yale yanayopita chini ya mashamba ya chai yasinywewe kabisa, kwani kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu za shambani. Kwa Waislamu, Adhuhuri huingia kati ya saa 6 na saa 7 mchana, hivyo saa ya chakula iwekwe hapo na mahali pachaguliwe mapema, pawe tambarare na pakavu, wapitaji wasikatize mbele ya safu. Kila mtu abebe chupa ya nusu lita kwa ajili ya udhu. Tumeona watu wengi wakiteleza kwenye mawe ya mtoni wakinawa miguu kuliko popote pengine.

Kikundi kisizidi watu 15 kwa kila kiongozi. Wakiwa 30, wagawanywe na waachane kwa robo saa, maana mstari mrefu huvunjika kwenye njia panda ya kwanza na wa nyuma wakaingia njia ya wakata kuni. Watoto wawe na mtu mzima mmoja kwa kila watano. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote awekwe wa pili kutoka mbele, si mwisho. Akiwa mwisho, kila anapowafikia wenzake wao wameshapumzika na wanaondoka, na yeye hapati hata dakika moja ya kukaa. Nyuma kabisa awepo mtu mmoja anayeijua njia, asiyempita yeyote, mwenye filimbi. Hesabu watu kwenye kila njia panda, kwa namba na kwa sauti. Mkubaliane kwamba mipulizo mitatu ya filimbi maana yake ni simameni, kuna tatizo.

Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya kupe na siafu. Ukiona mstari wa siafu, uruke kwa hatua moja. Ukijikuta katikati yao, kimbia mbele hatua ishirini ndipo uanze kuwabandua. Mtu anayesimama papo hapo kujipangusa huongeza wengine. Upupu uko kwenye kingo za mashamba. Ukikugusa usikune, tumia utepe wa kunata kuvuta vile vinyweleo. Nyoka wapo na mara nyingi hukimbia, ila wenye sumu wanaolala kwenye majani makavu hawahami. Usiruke gogo bila kutazama upande wa pili. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe ubao kisicheze, pete na viatu vivuliwe, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kuzuia damu. Abebwe hadi kwenye gari, gari liende Hospitali Teule ya Muheza. Asitembee mwenyewe hata akisema anaweza.

Suala la gari lina makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kutegemea usafiri wa abiria. Magari ya abiria yamezoea kushuka kutoka Amani alfajiri na kupanda kutoka Muheza mchana, kwa ajili ya watu wa milimani wanaokwenda sokoni na kurudi. Kwa mtu wa Tanga ni kinyume kabisa cha anachohitaji, kwa hiyo anayetumia magari hayo apange kulala Amani. La pili ni kumwambia dereva, tutakupigia tukimaliza. Mtandao hukatika kwenye mabonde yote ya njia ya kushuka. Dereva aambiwe saa na mahali: awe Zigi saa 9:30, na ikifika saa 11 bila kuwaona, aende ofisi ya hifadhi kutoa taarifa. Aandikiwe kwenye karatasi pamoja na idadi ya watu na njia waliyochukua.

Ada za kuingia hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kwa kuwa mtandao wa mlimani si wa kuaminika, iombeni namba hiyo kwa Wakala wa Huduma za Misitu siku chache kabla, mlipe mkiwa Tanga, na mpande na risiti. Wanafunzi waje na barua ya shule. Mwongozaji mwenyeji akodiwe hata kama mnaijua njia, kwani yeye ndiye anayejua mti ulioanguka jana.

Tena jambo moja linalowahusu hata wasiopanda. Mto Zigi unaoanzia kwenye misitu hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayosafishwa na kuletwa kwenye mabomba ya Jiji la Tanga. Sabuni anayoogea mtu pale Zigi inaelekea mjini. Haja ziendewe hatua 70 au zaidi kutoka kwenye mto na vijito, shimo lichimbwe kina cha kiganja, lifukiwe. Nepi za watoto zirudi na gari. Na yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli, ambayo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyapeleka Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892 na sasa yamo madirishani dunia nzima, yaachwe yalipo. Yamezoea kivuli na udongo mwembamba wa juu ya mwamba. Si ya kung'olewa na kupandwa kwenye kopo Ngamiani, mjini Tanga.

Mhariri, ombi letu kwako ni dogo. Matangazo ya safari hizi huletwa pia kwenye gazeti lako. Kabla ya kuyachapa, tunaomba dawati lako limtake mwenye safari aandike mambo manne: watu watapanda na kushuka mita ngapi kwa miguu, watakuwa msituni saa ngapi, saa ya kughairi ni ipi, na gari litawasubiri wapi. Mpangaji asiye na majibu hayo hajaandaa safari, na ni heri aulizwe na gazeti Jumatatu kuliko aulizwe na mzazi getini Zigi Jumamosi usiku.

Waongozaji wa matembezi,
Muheza, Tanga